Mwenye mgongo mbovu achague baiskeli gani ya safari ndefu?

Maumivu ya mgongo ni miongoni mwa malalamiko ambayo daktari wa kawaida husikia karibu kila siku ya kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mnamo mwaka 2020 watu milioni 619 kote ulimwenguni walikuwa wakiishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, yaani kiunoni. Haishangazi basi kwamba miongoni mwa wakazi wa mijini ambao hujitoa mwishoni mwa juma kuendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Naivasha, au kuteremka nayo hadi Magadi, wamo wengi ambao migongo ilianza kuwasumbua kabla hawajapanda baiskeli hata mara moja.

Swali wanaloniuliza ni moja: je, daktari, niache baiskeli? Kwa walio wengi jibu langu ni la. Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa alale kitandani juma zima au mawili, na tukaja kugundua kwamba kule kulala kulimdhoofisha misuli na kumchelewesha kupona. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja mazoezi miongoni mwa matibabu yanayofaa, na haupendekezi mikanda ya kiunoni ambayo watu hununua kwa fedha nyingi. Baiskeli nayo ina faida ambayo kukimbia hakuna, kwa kuwa kisigino hakipigi lami na uzito wa mwili hubebwa na chuma.

Lakini baiskeli ina kasoro yake. Mtu anayetembea hubadilisha mkao bila kufikiri, ilhali mwendeshaji baiskeli hufungwa mahali patatu, kwenye kiti, usukani na pedeli, na vipimo vya baina ya mahali hapo patatu ndivyo vinavyoamua mgongo wake ukae vipi. Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika kwa muda wa saa nne utakuwa umezizungusha mara 14,400. Kosa la sentimita mbili ambalo halihisiki ukienda dukani hurudiwa mara 14,400 ukielekea Magadi. Ndiyo sababu sipendi kusikia mtu mwenye mgongo mbovu akinunua baiskeli kwa kuangalia rangi yake na bei tu.

JUA KWANZA MGONGO WAKO

Watu husema "mgongo unauma" kana kwamba migongo yote ni ya aina moja. Sivyo, na baiskeli inayomfaa mmoja inaweza kumtesa mwingine.

Sehemu ya kiunoni ina pingili tano kubwa, na baina ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, aliingiza sindano ya kupimia ndani ya visahani vya watu walio hai, akaonyesha kwamba shinikizo huwa kubwa zaidi mtu anapoketi huku ameinama mbele kuliko anaposimama wima. Vipimo vilivyofanywa na wengine baadaye vilitofautiana na vyake kuhusu kuketi wima, lakini kuhusu kuinama havikutofautiana.

Basi, ikiwa maumivu yako huzidi ukikaa ofisini au ndani ya matatu kwa muda mrefu, yakizidi tena ukiinama kufunga viatu, ukikohoa au ukipiga chafya, na yakapungua ukitembea, yamkini tatizo liko kwenye kisahani. Aghalabu watu hawa ni wa umri wa miaka 25 hadi 55. Baadhi yao husikia maumivu yakiteremka kwenye tako, nyuma ya paja, hadi chini ya goti. Mgongo wa namna hii hautaki kukunjwa. Baiskeli yake ni ile yenye usukani wa juu na wa karibu.

Kuna aina ya pili, ambayo hutokea zaidi kwa waliopita miaka 60. Hapa mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu umekuwa mwembamba kwa sababu ya uzee wa mifupa na viungo. Mgonjwa husimama au hutembea mita mia mbili tatu, miguu ikawa mizito na kuuma, akaketi kidogo, ikatulia. Ukimwuliza atakuambia kwamba ndani ya supamaketi akisukuma kile kigari cha kubebea bidhaa huku amekiegemea, hutembea bila taabu yoyote. Sababu ni kwamba kuinama mbele hupanua mfereji ule. Mzee huyu anaweza kushindwa kutembea hadi kituo cha basi na bado akaendesha baiskeli kilomita 30 akifurahi. Ukimpa baiskeli inayomketisha wima kabisa kama mtu aliye mezani, kwa kumhurumia, unamnyima ule mkao unaompa nafuu.

Wa tatu ni wale ambao huuma wanapojipinda kwenda nyuma, kama vile wanapoanika nguo au kupaka dari rangi. Hao pia huinama mbele kidogo bila shida. Kisha kuna kundi kubwa la watu wenye misuli iliyochoka tu, ambao baiskeli yoyote iliyopimwa sawasawa huwafaa, mradi waongeze mwendo polepole.

Ikiwa hujui uko kundi gani, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akupime kabla hujatoa fedha zako. Usikimbilie kupigwa picha. Picha za migongo ya watu wasioumwa hata kidogo mara nyingi huonyesha visahani vilivyochakaa au kutokeza, na karatasi yenye maneno ya kutisha imewahi kumfanya mtu mzima auze baiskeli yake bila sababu.

DALILI ZISIZONGOJA

Hapa naomba msomaji asome polepole. Mwendeshaji baiskeli wa mwendo mrefu aghalabu hupatwa na ganzi katikati ya mapaja na kwenye sehemu za siri, kwa sababu kiti hubana neva inayopita pale. Ganzi ya namna hiyo huisha dakika chache baada ya kushuka, na dawa yake ni kurekebisha au kubadilisha kiti. Lakini kisahani kikitoka na kubana kifungu cha neva zilizo mwisho wa uti wa mgongo, nacho huleta ganzi mahali palepale. Tofauti ni kwamba ganzi hii haiondoki ukishuka. Tena huandamana na mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, choo kushindwa kuzuilika, au mguu mmoja au yote miwili kulegea.

Niliwahi kumpokea kijana aliyekaa na hali hiyo siku tatu akisema ni kiti kipya. Alifanyiwa upasuaji, akapona miguu, lakini mkojo hutoa kwa mpira mpaka leo. Dalili hizi zikitokea nenda hospitali yenye madaktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni sikukuu.

Mwone daktari pia kabla ya kufikiria safari ikiwa maumivu ya mgongo yanakuamsha usiku, yanaandamana na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu, au yalianza baada ya kuanguka. Katika nchi yetu kifua kikuu hakikai kifuani tu, huweza kula pingili za mgongo. Na kwa mwanamume aliyepita miaka 50, saratani ya tezi kibofu huenea kwenye mifupa hiyo hiyo.

BLACK MAMBA, YA MASHINDANO, AU NYINGINE?

Wengi wetu tulijifunza kwenye Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma kizito yenye breki za fimbo na kiti cha ngozi juu ya springi. Nina heshima nayo, kwani imebeba maziwa, magunia, maharusi na hata majeneza. Usukani wake uko juu na umerudi nyuma, kwa hivyo mwenye kisahani kibovu huiona tamu kwa kilomita tano za kwanza. Tatizo huja baadaye. Mtu anapoketi wima kabisa, kila shimo la barabara hupanda kutoka kwenye kiti moja kwa moja hadi kiunoni, kwa sababu mikono haibebi chochote. Isitoshe, ina gia moja, nayo ina uzito wa kilo 20 hivi. Kwenye mlima huna budi kuuvuta usukani kwa nguvu huku ukikanyaga, na kule kuvuta ndiko kunakomaliza misuli ya mgongo. Ni baiskeli nzuri ya kwenda sokoni.

Ile ya mashindano, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi nyembamba, humlaza mtu mbele. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na akashinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alikaa hivyo kwa kuwa alikuwa akipigana na upepo, naye alikuwa na watu wa kumkanda kila jioni. Wewe una mkeka na mke au mume aliyechoka. Kama kisahani ndicho kinachokusumbua, achana nayo.

Baiskeli za milimani zinazotoka ng'ambo zikiwa zimetumika ndizo zimejaa sokoni, na baadhi yake ni mali safi kwa safari. Zina gia nyingi na zinaingia tairi pana. Hitilafu yake kubwa ni kwamba nyingi zina fremu ndefu na usukani wa chini ulionyooka, kwa hivyo mtu hulazimika kujinyosha. Hilo hurekebishika, kama nitakavyoeleza. Zile zenye springi za mbele za bei ya chini sizipendi, kwani huongeza uzito, hunyonya nguvu ya miguu mlimani, na springi zenyewe hukwama kwa vumbi baada ya miezi michache.

Kwa maoni yangu, kinachowafaa wengi ni baiskeli iliyo kati kwa kati: ya kitalii, au ile ya mjini yenye gia, ambayo humfanya mwendeshaji ainame kidogo tu. Mtu akitazamwa ubavuni, kiwiliwili chake kiwe kimeegea mbele kiasi cha digrii 60 kutoka usawa wa ardhi, mgongo umenyooka, viwiko vimelegea. Hapo sehemu ya uzito huenda mikononi, na shimo likija viwiko na nyonga hulimeza kabla halijafika kiunoni.

Neno kuhusu ile tunayoiita baiskeli ya kike, ambayo bomba lake la juu limeshuka. Mwanamume ambaye hawezi kurusha mguu juu ya kiti bila mgongo kumkata ana sababu nzuri kabisa ya kuinunua. Katika Uholanzi wazee wa kiume huendesha baiskeli kama hizo na hakuna anayewacheka. Hapa kwetu nimeona wanaume wakivumilia maumivu kila asubuhi kwa kuogopa macho ya majirani. Majirani hawatakulipia bili ya daktari.

Kuna pia baiskeli za kulalia, ambazo mtu huketi kama kwenye kiti cha uvivu huku miguu imenyooka mbele. Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja kwa baiskeli kama hiyo mwaka 1933, na mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo huo kikazipiga marufuku mashindanoni. Kwa baadhi ya migongo ni raha tupu. Hata hivyo kwetu ni adimu, vipuri vyake ni taabu kupata, na kwa kuwa ziko chini mno dereva wa lori hakuoni. Siwezi kumshauri mtu aipeleke kwenye barabara ya Mombasa.

VIPIMO NDIVYO DAWA

Ukifika dukani, simama juu ya baiskeli, miguu yote miwili chini ukiwa umevaa viatu utakavyotumia. Kati ya bomba la juu na msamba wako pawe na nafasi ya sentimita 3 hadi 5, na zaidi kidogo kwa baiskeli ya milimani. Bomba likikugusa, fremu ni kubwa, na hakuna fundi atakayeipunguza.

Kisha kiti. Mtu akushikie baiskeli, ukae sawasawa, uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, ambavyo ndivyo inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo, nacho ndicho kimo chako. Piga alama kwenye nguzo ya kiti kwa wembe au utepe ili fundi mwingine asikuharibie.

Kiti cha juu mno ni chanzo cha maumivu ya kiuno ambacho hupita bila kutambuliwa. Nina mgonjwa, karani wa miaka 47, ambaye baiskeli ndiyo nauli yake kwenda na kurudi kazini. Wenzake walimshauri aongeze sponji kwenye kiti, kisha aketi wima, mwishowe aiuze. Nilimwomba aje nayo, nikasimama nyuma yake akiendesha uani. Nyonga zake zilikuwa zikiyumba kushoto na kulia kama bata, kwa kuwa miguu haikuzifikia pedeli. Tulishusha kiti sentimita nne. Baada ya wiki tatu alikuwa amepunguza vidonge, na baiskeli bado anayo.

Mwelekeo wa kiti nao una maana. Mwaka 1999 madaktari wa Israel walichapisha uchunguzi wa waendeshaji 40 waliolalamika maumivu ya kiuno. Pua za viti vyao ziliinamishwa chini kiasi cha digrii 10 hadi 15, na baada ya miezi sita zaidi ya asilimia 70 yao walikuwa wamepata nafuu kubwa. Watu 40 si wengi, na mimi huanza na digrii chache tu, kwani pua ikiinama mno utateleza mbele na mikono itakufa ganzi. Lakini ni jambo linalohitaji spana moja na dakika mbili, na kiti kilichoinuka pua juu, kama ninavyoviona vingi barabarani, hakimfai mtu yeyote.

Usukani, kwa mwenye kisahani kibovu, uwe sawa na kiti au umezidi kwa sentimita 2 hadi 5. Umbali wake mafundi wa zamani huupima kwa mkono: weka kiwiko kwenye pua ya kiti na unyoshe vidole mbele, usukani usiwe mbali na ncha za vidole kwa zaidi ya sentimita tatu au nne. Ukiwa mbali, badilisha ile shingo inayoushikilia upate fupi iliyoinuka, au weka usukani uliopinda kurudi nyuma. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kununua baiskeli nyingine. Jihadhari jambo moja. Kwenye baiskeli nyingi za zamani shingo hiyo ina mstari wa kikomo. Usiipandishe ukaona mstari, kwa maana inaweza kung'oka ukiwa mteremkoni.

KITI, TAIRI NA GIA

Kiti laini kama mto wa kochi hudanganya. Dukani ni kitamu, lakini baada ya saa moja nyama huzama ndani yake, mifupa ya makalio hukosa pa kukaa, nawe huanza kujisogezasogeza huku mgongo ukijipinda. Kiti cha safari ndefu kiwe kigumu kiasi na chenye upana wa mifupa yako. Unaweza kuupima nyumbani: tandika kipande cha katoni juu ya benchi gumu, ukae juu yake na kuinama mbele kidogo, uinuke. Utaona vibonyeo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi cha pili, uongeze sentimita mbili. Wanawake kwa kawaida huhitaji kiti kipana zaidi, na viti vingi vinavyokuja na baiskeli vilitengenezwa bila kuwafikiria. Cha ngozi ni kizuri sana lakini hutaka wiki kadhaa za kuzoeana, kwa hivyo usikipeleke safarini kikiwa kipya.

Springi ya bei rahisi kuliko zote ni hewa. Tairi pana isiyojazwa kupita kiasi hulinda mgongo kuliko vifaa vingi vya ghali. Kwa baiskeli ya magurudumu ya inchi 26, chagua tairi ya upana wa inchi 1.75 hadi 2. Mtu wa kilo 75 akitia pauni 35 hadi 45 za hewa, mradi haipiti kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, atahisi tofauti kubwa. Tatizo ni kwamba vijana wa kituo cha petroli hujaza mpaka tairi inalia kama ngoma, wakidhani wanakufanyia hisani. Nunua pampu yako yenye kipimo.

Kuhusu gia, kumbuka kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Magadi iko kama mita 600. Kwenda ni sherehe. Kurudi ni mlima wa zaidi ya mita elfu moja. Hakikisha gurudumu dogo la meno la mbele lina meno machache kuliko kubwa la nyuma, mathalani 26 mbele na 32 nyuma. Kukanyaga gia nzito polepole hulazimisha misuli ya mgongo kuishikilia nyonga kwa nguvu, na ikichoka mgongo hukunjika. Hesabu mguu wa kulia: ukishuka mara 20 katika sekunde 15, unazungusha mara 80 kwa dakika, na huo ni mwendo mzuri.

MIZIGO NA MAZOEA YA SAFARI

Usibebe mkoba mgongoni. Hata kilo tano zikikaa pale siku nzima zinasukuma visahani vilevile unavyovihurumia. Weka mizigo kwenye keria, katika mifuko miwili iliyoning'inia pande zote mbili za gurudumu la nyuma, vizito vikiwa chini. Fundi wa maturubai anaweza kukushonea mifuko hiyo kwa bei nafuu kuliko ya dukani.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakuwa wakizungumza na mgonjwa wa kisahani. Wengi hawaumii wakiendesha, huumia wakiinua baiskeli yenye mizigo kuipandisha ngazi za nyumba ya ghorofa au juu ya paa la matatu. Toa mifuko kwanza, chuchumaa, ushike baiskeli karibu na kifua, uinuke kwa nguvu za mapaja bila kujizungusha kiuno. Ukiwa na mtu wa kukusaidia, mwombe.

Anza wiki nane kabla ya safari. Enda kilomita 10 mara tatu kwa wiki, kisha uongeze kama sehemu moja ya kumi kila wiki, na safari moja ya mwishoni mwa juma iwe ndefu kidogo kuliko nyingine. Siku za katikati fanya mazoezi ya kuimarisha kiuno na tumbo: kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua makalio, au kupiga magoti na viganja sakafuni ukanyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kubadilisha. Dakika kumi zinatosha.

Asubuhi ya safari usitoke kitandani ukaparamia baiskeli. Usiku visahani hufyonza maji na kuvimba, kwa hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mbaya zaidi ya kuinama. Tembeatembea nusu saa, unywe chai, ufunge mizigo ukiwa umechuchumaa. Njiani simama kila baada ya dakika 40 hivi, uwe unaumwa au huumwi, na kati ya vituo inuka juu ya pedeli mara kwa mara ukisukuma nyonga mbele. Ikiwa mfereji ndio tatizo lako, usijipinde nyuma, bali keti kwenye jiwe ukainame.

Kuna tabia ya kumeza diclofenac au ibuprofen kabla ya kuondoka "ili mgongo usianze". Naipinga. Dawa hizi hudhuru figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji, na jua la Magadi hulipungukia mwili maji upesi. Pia huchochea vidonda vya tumbo na kupandisha shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, hunyamazisha maumivu ambayo yangekuonya ushuke mapema. Panadol haina madhara hayo, lakini utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba haiharakishi kupona kwa mgongo ulioshikwa ghafla.

Mgongo ukikushika njiani, shuka na utembee ukiisukuma baiskeli kwa dakika kumi. Ukikataa kulegea, tafuta kivuli, ulale chali na kuweka miguu juu ya mzigo au jiwe ili magoti yakunjike, kwa robo saa. Yakipungua, endelea kwa gia nyepesi hadi kituo kinachofuata. Yakiwa palepale, au yameanza kuteremka mguuni, simamisha matatu, na umwache utingo ndiye apandishe baiskeli juu.